Mabati ya Mama Mkwe

Jumamosi, 1 Julai 1995

Nimerudi kutoka Mbamba Bay na vumbi la lori mpaka kwenye meno. Lakini uamuzi nimeupata. Ziwani siwekezi! Nilikwenda kutazama banda la vyumba vitatu, hatua chache tu kutoka majini, mwenyewe anauza kwa bei ya kutupa. Nikamwuliza wapangaji wake ni kina nani. Akasema wavuvi. Wako wapi? Wamefuata usipa upande wa Liuli. Watarudi lini? Usipa wakirudi. Sasa mimi kodi nikaidai kwa samaki?

Hapana. Fedha iko hapa hapa Mbinga mjini. Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waruhusiwe, mji umejaa vijana wenye mizani na viatu vinavyong'aa, na wote wanalala kwa Kilian. Kilian! Tulikaa meza moja, makarani wawili wa chama cha ushirika, tukapunguzwa kazi siku moja. Yeye kiinua mgongo chake kakigeuza nyumba ya wageni, na siku hizi ananisalimia kwa kidevu. Mimi changu nimekigeuza kuta. Kuta nzuri za tofali za kuchoma, vyumba vinne, korido katikati na mlango mmoja tu, wa mbele. Huo mlango mmoja ni akili yangu mwenyewe. Mpangaji akitaka kutoroka na godoro usiku, atatorokea wapi?

Kinachokosekana ni paa.

Neno hilo silitaji mbele ya mke wangu, Walburga. Nyumba tunayolala ni ya nyasi, na mvua za mwaka jana tulihamisha kitanda kila kona hadi kona zikaisha. Walburga alikubali kutia fedha yake ya kahawa kwenye kuta zangu kwa sharti moja: kabla mvua za Novemba hazijaanza, kodi iwe imenunua mabati ya nyumba yetu. Nikaapa. Mbele ya watoto, na mbele ya picha ya Bikira Maria.

Jumatano, 5 Julai

Bwanali mwenye duka la vifaa vya ujenzi hakopeshi. Amenikaribisha kahawa chungu na kashata, ameniuliza habari za nyumbani mpaka za kuku, kisha akasema kwa upole mkubwa kwamba mabati anayo tele na yote yanasubiri fedha taslimu. Upole wa namna hiyo unaudhi kuliko matusi.

Lakini njiani nimepata wazo! Mama mkwe wangu, Bibi Marselina, yuko kule Mbuji na kahawa yake. Kila msimu ananunua mabati mawili, matatu, anayasukuma chini ya kitanda. Miaka yote hiyo hajamwita fundi. Mtaji umelala pale unaota ukungu! Mimi siwezi kumwomba, mtu hazungumzi mambo kama hayo na mkwe wake. Nimemtuma Walburga. Nimemwambia tunaazima tu.

Jumapili, 16 Julai

Mabati yamefika! Walburga anasema mama yake hakubisha, hakuuliza tutayarudisha lini, alisema tu kwamba sawa, maadamu anajua yalipo.

Nimecheka sana. Atakosaje kujua yalipo? Yatakuwa juu ya nyumba, yataonekana mpaka kanisani.

Jumamosi, 29 Julai

Nyumba imekamilika, na wapangaji watatu wameshaingia. Victor, kijana wa kampuni ya kahawa, mtu wa Kilimanjaro. Mosi, fundi cherehani. Mwalimu Stephano wa shule ya msingi. Chumba cha mbele, kile cha mlangoni, nimekiacha wazi makusudi. Namsubiri meneja wa kampuni ya kahawa. Meneja hawezi kukosa kuja.

Kilian kapita kuangalia. Kagonga ukuta kwa kidole, kasema eti ni ukuta. Wivu huo.

Jumanne, 8 Agosti

Balaa!

Nimerudi sokoni nikamkuta mama mkwe ameshuka kwenye lori la Mbuji na mkeka, chungu, kuku mmoja na mzigo wa maharage. Miguu inamsumbua, anataka kuwa karibu na hospitali. Karibu sana mama, lakini kulala nyumba moja na mkwe wake hawezi, hilo hata mtoto analijua. Na Walburga, bila kuniuliza, kachukua ufunguo wa chumba cha mbele akampa.

Nimelalamika jikoni, kwa sauti ya chini. Walburga naye kajibu kwa sauti ya chini. Kasema mama ametoa maneno yake, na maneno yenyewe ni kwamba amekuja kukaa chini ya mabati yake.

Niandike hapa jambo hili likae wazi, maana usiku huu sipati usingizi. Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe. Ukikutana naye unatoka njiani, unachuchumaa, unasalimia huku unatazama chini. Huingii anapolala. Huli anapokuona. Habari za fedha huzitaji anaposikia. Na mlango wa nyumba yangu ni mmoja. Na mama mkwe kakaa kwenye kizingiti cha huo mlango tangu mchana, miguu kainyoosha, anapukuchua maharage.

Mlango mmoja! Nani alinishauri?

Ijumaa, 1 Septemba

Siku ya kodi. Nimevaa koti.

Wapangaji wote watatu nimewakuta barazani wamemzunguka mama mkwe. Mosi kaleta cherehani nje. Mwalimu anasahihisha madaftari. Victor kabeba bakuli la maharage, naye anapukuchua! Nikatoka njiani, nikachuchumaa kwenye nyasi, nikatoa Shikamoo. Mama mkwe kaitikia vizuri, marahaba mkwe wangu, kauliza habari za watoto. Halafu karudi kwenye maharage yake. Victor, ambaye mwezi uliopita hakujua chochote cha mila zetu, kaniuliza kwa sauti kubwa na heshima tele kama nilikuwa na jambo lolote la kuzungumza.

Nikasema nilikuwa napita tu.

Nilichuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Wakati wa kuondoka nimeyumba kama mlevi, na Mosi kaniambia pole mwenye nyumba. Mwenye nyumba! Nilitamani ardhi inimeze na koti langu.

Jumamosi, 2 Septemba

Nimemtuma Walburga. Kodi yote kaipata, hakuna aliyebisha! Nikafungua mkono. Mkono ukabaki wazi. Kamwachia mama yake palepale, eti mabati ya watu hayakai bure juu ya nyumba ya mtu. Nikamkumbusha kwamba sisi tuliazima. Akasema ndiyo, hata yeye anakumbuka ni nani aliyeazima.

Nikamwuliza, na paa letu je? Akasema swali hilo alikuwa akilisubiri kutoka kwangu.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimemeza aibu, nimekwenda kwa Kilian. Yeye si mkwe wa mtu pale, anaweza kuingia, kukaa, kudai, hata kupiga kelele akipenda. Nimemwahidi sehemu ya kodi ya mwezi ujao. Kakubali haraka mno. Ilinipasa kushtuka hapo hapo.

Jumamosi, 16 Septemba

Kilian kaniletea taarifa huku anafyonza mfupa wa kuku. Anasema Bibi Marselina ni mtu mwenye busara kubwa. Anasema wamekaa, wamekunywa togwa, wamekubaliana kwamba nyumba inahitaji msimamizi, na msimamizi ni yeye Kilian. Kodi ya mwezi ujao itapaka rangi. Nikauliza, na mimi? Akasema mimi ni mkwe, nafasi yangu ni ya heshima sana.

Nimelala bila kula. Heshima imenishibisha.

Jumapili, 24 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Mpango ulikuwa mzuri. Leo wakati wa misa ya pili watu wote wako kanisani, isipokuwa Victor, ambaye Jumapili hulala mpaka saa sita. Dirisha lake liko nyuma. Nilikusudia kuteremka kupitia shamba la mlimani nyuma ya nyumba, nigonge dirisha, nichukue kodi ya mwezi ujao mkononi kabla haijawa rangi, niondoke.

Shamba lile ni la ngolo, yale mashimo yetu ya kilimani. Nimezaliwa kwenye ngolo. Babu yangu alichimba ngolo. Mtoto wa Kimatengo anatembea kwenye kingo zake kabla hajajua kusema mama. Mimi leo nikakanyaga shimo la kwanza nikiangalia dirisha, nikaingia la pili kwa magoti, na la tatu sikuliona kabisa. Nikabingirika mteremko mzima, nikapasua ua wa nyasi wa bafu, nikaishia uani. Kwa tumbo.

Mama mkwe hakwenda kanisani. Miguu. Alikuwa uani kwenye kigoda, kaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto.

Yeye kajifunika uso kwa kanga. Mimi nimejifunika uso kwa beseni.

Alhamisi, 28 Septemba

Kaka yake mama mkwe kaja kutoka Mbuji kwa miguu, mzee mzima, kunisomea kosa langu. Nimetozwa mbuzi. Wamemchinjia uani, pale pale nilipoangukia, na wapangaji wote wamekula, na Kilian kapewa kidari kwa usimamizi wake. Mimi siwezi kula mbele ya mkwe. Nilikaa nyuma ya mgomba, ng'ambo ya barabara, nasikia tu harufu. Nimetoa mbuzi na sikuonja hata mchuzi!

Jumamosi, 4 Novemba

Msimu wa kahawa unaishia, Victor kaitwa na kampuni yake, kaaga. Kodi ya mwisho kamkabidhi Bibi Marselina mkononi, kamwita bibi yangu, kalia machozi. Kwangu kapunga mkono tu kutoka kwenye gari.

Uchaguzi nao umepita. Kila mgombea aliahidi mabati. Mawingu yamejaa juu ya milima, na Walburga jioni nzima kakaa anatazama nyasi za paa. Halafu ananitazama mimi. Halafu nyasi. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Jumapili, 19 Novemba

Mvua imeanza saa kumi jioni. Saa kumi na moja ilikuwa inanyesha ndani kuliko nje.

Walburga hakugombana. Kakunja magodoro, kawavika watoto mifuko ya mbolea vichwani, kateremsha Bikira Maria ukutani akamfunga kwenye kanga. Kasema chumba cha Victor kiko wazi na kikavu, na mama yake amewaita. Kasema hana hasira tena, amechoka tu. Na mimi nije, kama nitapata namna ya kuja.

Nimewasindikiza mpaka barabarani. Hapo ndipo mwisho wangu. Binti yangu Hilda kauliza kwa nini baba haingii. Sikusikia alijibiwa nini, mabati yalikuwa yanapiga kelele. Mlango ukafungwa, mwanga wa taa ukatoka kwenye madirisha yangu, na hakuna hata tone lililokuwa linaingia mle ndani. Nilisimama pale nikaumia. Niseme ukweli, niliumia sana.

Baadaye Hilda kanikimbilia na sahani iliyofunikwa. Ugali na usipa wa kukaanga. Bibi ndiye kanipakulia, kasema mkwe wake asilale njaa. Nikageuka nikampa mgongo mlango, kwa adabu, nikala nimesimama. Ugali ulilowa kabla sijafika katikati.

Jumatatu, 20 Novemba

Sikulala. Nilikaa chini ya meza na taa, kona ya pekee isiyovuja, nikaanza kutazama nyumba hii kwa macho mapya. Mbona sikuliona jambo hili mapema?

Nyumba ni tupu! Vyumba viwili na jiko, kisima karibu, barabara karibu. Hakuna mke wa kutazama paa halafu mimi, hakuna mama mkwe mlangoni. Mosi mwenyewe anasema chumba kimekuwa kidogo kwa cherehani mbili. Na msimu ujao wanunuzi watakuja wengi zaidi, hilo ni lazima. Mimi nitahamia jikoni, nakula kidogo. Nikipangisha vyumba hivi viwili, kodi ya miezi michache tu inamlipa mama mkwe, Kilian anaondoka na rangi yake, na Walburga atarudi na Bikira Maria wake.

Kinachokosekana ni paa.

Na hilo nalo nimelipatia jawabu kabla jogoo hajawika. Mama mkwe ana mdogo wake, Bibi Vitalia, kaolewa kule Ngumbo ziwani. Mume wake alikuwa anauza usipa, na watu wanasema marehemu kaacha mabati ishirini chini ya kitanda. Yamelala tu! Sitamtuma Walburga safari hii, nitamtuma katekista. Tutaazima tu.

Kuna watakaosema na huyo pia ni mama mkwe wangu. Nimelifikiria. Nimemwuliza dereva wa lori anayetoka kule, nikamwuliza vizuri, mara mbili. Bibi Vitalia miguu yake ni mizima kabisa.