Zipu ya Benchi la Wagonjwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi masijala ya zahanati! Kwa majaribio. Daktari anaandika ugonjwa kwenye faili, mimi natafuta namba yake kwenye kitabu kinene, naibandika. Tuko wawili, meza ya kudumu ni moja. Mwenzangu namwita Kucha. Anazo ndefu, zinafunua kurasa upesi kuliko vidole vyangu. Mkuu wetu, Mama Miwani, katupa sheria moja: asichoandika daktari, na sisi hatukijui.

Faili langu la kwanza: "Kipandauso." Basi. Neno moja! Kitabu kinataka zaidi. Kichwa kinauma upande mmoja, sawa, lakini kabla hakijauma mgonjwa anaona vimulimuli au haoni? Anaona, G43.1. Haoni, G43.0. Haijulikani, G43.9, "bila kufafanuliwa". Kucha anabandika tisa tu, pa, pa, pa. Mimi roho imekataa. Mtu na maumivu yake, nimwandike bila kufafanuliwa, kama mzigo uliosahauliwa stendi? Nikampelekea daktari kikaratasi: na vimulimuli au bila? Kikarudi na jibu: "Ndiyo."

Jioni mama mkwe kanitazama kwa lile jicho lake la pembeni. Kasema wiki ikiisha kama sina meza, anarudi kwao na mwanangu Kibonge akamlee mwenyewe, maana matumaini yangu hayapikiki. Baba Kibonge yuko safarini na lori, na hata angekuwepo, mbele ya mama yake huwa bubu. Kibonge kamshika bibi yake mkono, anacheka. Msaliti! Nimemlaza kifuani mpaka mkono umekufa ganzi.

Jumanne, 4 Machi

Daktari amechoka na vikaratasi, kajifungia. Lakini nimepata akili! Sheria haikatazi daktari kukumbushwa. Nikaenda benchi la wagonjwa, nikauliza kwa sauti kubwa, maana feni inapiga kelele: kabla kichwa hakijauma, unaona vimulimuli? Mistari yenye meno, kama zipu? Fundi viatu mmoja akafikiri, akasema ndiyo, hasa zipu. Nikaandika kwa penseli pembeni mwa faili. Daktari akapitishia wino juu yake, akanirudishia faili. G43.1 yangu ya kwanza! Imenyooka kwenye faili kama bwana harusi.

Jumatano, 5 Machi

Ajabu! Benchi zima linaona zipu. Mzee mmoja alinijibu kabla sijamuuliza. Dada aliyekuja kufungwa kidonda cha goti, naye anaiona. Mtaa huu una mateso jamani, na hakuna aliyekuwa anawauliza! Wagonjwa wamezidi pia. Wanaambiana kwamba mwenye zipu anaingia kwa daktari haraka. Sijui wameitoa wapi habari hiyo. Kucha kanuna, anasema juzi hawa hawa hawakuwa na zipu. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi

Takwimu zimefika juu. Kaja bwana mmoja na mkoba kutoka makao makuu, anasaka chanzo. Mtaa mmoja, vipandauso tele, zipu ileile! Kamshuku fundi wa kuchomelea vyuma ng'ambo ya barabara, kwa sababu ya cheche zake. Akaamuru mashine izimwe. Fundi akahojiwa mpaka kichwa kikamuuma, akaja benchini. Nikamuuliza. Zipu! Bwana Mkoba akaandika: imethibitishwa.

Mimi sielewi. Kama ni cheche, mbona wa kutoka upande ule wa mto nao wanaiona? Kichwa kinanizunguka kama pia. Mama Miwani kanitazama kutoka juu mpaka chini. Naona anapima ukubwa wa meza.

Ijumaa, 7 Machi

Leo benchini yuko nani? Mama mkwe! Kajitanda mtandio mpaka puani. Nikachuchumaa, nikauliza kwa adabu: mama, zipu ipo? Akasema zipu gani, nisimletee upuuzi wa mtaani. Kisha akashusha sauti. Yeye nusu ya uso wa mtu humpotea. Linabaki jicho moja na kipande cha mdomo, halafu ndipo kichwa kinapasuka. Tangu usichana wake. Siku hizi inamjia sana jioni, taa zikiwashwa, inabidi amtazame mtu kwa pembeni ili ampate mzima. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaniita mwanangu.

Jicho la pembeni! Miaka yote nimedhani ni dharau.

Nikaandika yote. Kugeuka, Mama Miwani huyu hapa. Kumbe kasimama pale tangu mgonjwa wa kwanza. Akaninyang'anya penseli. Faili zangu zote zirudi tisa! Nikasema zote sawa, hili moja hapana, hili ni la kweli. Akauliza nimelijuaje la kweli. Nikalibeba faili kwa mikono miwili mpaka kwa daktari, nikagonga, nikaanza kulia hata mlango haujafunguliwa. Daktari akamwita mama mkwe ndani, akamuuliza mwenyewe. Walikaa mno. Akatoka na ukurasa mzima wa wino, dawa, na miadi ya kurudi kila mwezi.

Jumatatu, 10 Machi

Meza kapewa Kucha. Mimi nimeongezewa majaribio ili nisahihishe nilichoharibu, maana hakuna mwingine anayeweza kusoma penseli yangu. Nimebaki!

Mama mkwe kafungua begi lake, katoa nguo. Hawezi kusafiri akaacha miadi, na Kibonge haendi popote bila bibi yake. Jana jioni kanitazama usoni, moja kwa moja. Nikangoja baraka. Akasema pua yangu ni kubwa kuliko alivyodhani.

Fundi vyuma kawashiwa mashine. Mama Miwani kaniapisha: ni marufuku kumuuliza mgonjwa neno lolote. Nimetii kabisa. Nimechora bango. Uso ambao nusu yake imefutika, zipu pembeni, mshale, na chini nimeandika: "Je, ni wewe?" Nimelibandika ukutani, mkabala na benchi. Sijafungua mdomo.

Kufika saa nne benchi zima lilikuwa linatazama kwa pembeni. Maskini wa Mungu, kumbe na hili walikuwa nalo! Pale chini nimeacha nafasi, kesho naongeza mchoro wa mgongo unaouma.