Futi Yangu na Tumbo la Mke Wangu

Jumatatu, 4 Mei
Siku kubwa. Nimefungua kliniki. Iko chumbani kwetu, kati ya kabati na cherehani. Mteja mmoja: mke wangu, mimba ya miezi saba. Kliniki ya kweli haendi tena, nimeamua. Kule watu wanakoholeana, na korona haina mzaha. Akalalamika kwamba miguu imevimba na angependa kuonwa na mkunga. Nikamwambia nimepima watu miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kurudisha nguo. Mmoja alirudisha, lakini yule alinenepa mwenyewe.

Jumanne, 5 Mei
Jirani yangu kinyozi kapita na mkewe, naye mjamzito, wanatoka kliniki. Wamevaa barakoa. Nilizishona mimi! Eti siku hizi kila mama ana saa yake na wanakaa mbalimbali. Akauliza kwa nini wangu simpeleki. Nikamjibu sisi tuna huduma ya nyumbani. Akamshika mkewe mkono wakaondoka. Wivu huo.

Jumatano, 6 Mei
Mkunga kapiga simu. Anawatafuta wote waliokosa siku yao. Nikamwambia mke wangu amelala, na yuko kwenye mikono salama. Akauliza mikono ya nani. Nikasema ya fundi cherehani. Akashusha pumzi, akaagiza nimlete wiki hii bila kukosa, na kwa sasa nipime kuanzia mfupa wa chini ya tumbo hadi juu mimba inapoishia, nimpe jibu kwa sentimita. Kaniamini! Mke wangu anaumwa kichwa tangu jana. Nimemshauri apumzike.

Alhamisi, 7 Mei
Nimepima mara mbili, kisha nikaongeza sentimita tano za kuachia mshono, kama kawaida. Tumbo bado linakua, sitaki limbane. Nikapiga simu: thelathini na sita. Mkunga akasema hiyo imezidi sana, nimlete sasa hivi. Nikauliza kama ni mapacha. Alishakata. Nikafunga cherehani tukaondoka, nikijiona baba wa wawili.

Kule kliniki mkunga akapima kwa futi yake: thelathini na moja. Akauliza tano zangu zimetoka wapi. Nikamweleza habari ya mshono. Kisha akamfunga mke wangu mashine ya presha. Presha iko juu mno. Akasema miguu ile na kichwa kile ndizo dalili zenyewe, na tungengoja wiki moja zaidi ningempoteza mama au mtoto, pengine wote wawili. Nikakaa kwenye benchi la kina mama nikalia, barakoa yangu ikalowa yote.

Jumamosi, 9 Mei
Bado amelazwa. Dawa zimemkubali, presha inashuka, mtoto anacheza. Nilisimama nje ya dirisha. Akaniambia mambo ya kliniki ataamua yeye, na futi yangu isimguse tena. Nikakubali yote. Nampenda mke wangu.

Jumapili, 10 Mei
Nimekaa nikatafakari. Ni nini kilichomfikisha kwa mkunga siku ile? Sentimita tano. Ningesoma thelathini na moja kama wengine, tungebaki nyumbani. Kwa hiyo mshono wangu umeokoa watu wawili. Nimemweleza kinyozi. Akakumbuka ghafla kwamba ana mteja, na mimi namwelewa, si kila siku mtu anapata jirani kama mimi. Nimemwambia amlete mkewe Jumanne, bure kabisa. Huyo nitamwongezea kumi, kwa usalama.