Seni Limbu Alivyompita Mama Mkwe kwenye Mlima wa Ipogolo

Sogezeni vigoda, enyi watu wa Mbeya na Iringa, na ninyi wa Usangu mlioacha ng'ombe mtoni. Anayepika na aepue, mwenye kikohozi na akohoe sasa amalize, kwa maana linalosimuliwa hapa si la kusikilizwa kwa sikio moja. Ni habari ya Seni mwana wa Limbu, dereva wa malori ya mzee Taherali wa Mbeya, mpasua ukungu wa Makambako, mla vumbi la Chunya, aliyelala chini ya tela katika baridi ya Mafinga akajifunika turubai kama sultani anavyojifunika joho. Na ya asubuhi ile, katika miaka ya sabini, lami ikiwa ingali mpya, aliposhindana mbio na mama aliyebeba nyanya, na milima ikatulia kutazama.

Wazazi wake Seni walitoka kaskazini na makundi ya ng'ombe, wakashukia nyika za Usangu, na mzee Limbu alitumaini kwamba mwanawe atachunga. Seni akachagua mnyama mwingine, mwenye magurudumu. Lori alilokabidhiwa liliandikwa kwenye paji la uso, kwa rangi nyekundu, RADI YA USANGU. Jina hilo alilitoa Taherali mwenyewe, mtu mwenye matumaini makubwa. Kwenye tambarare Radi ilikwenda kama magari mengine ya watu. Lakini ikionyeshwa mlima, na mchele mgongoni, ilibadilika tabia: ilinguruma ngurumo ya kutisha nchi nzima, ikatoa moshi wa kufunika vijiji, kisha ikasogea taratibu kiasi kwamba utingo wake, Jailos wa Ilomba, mtu mzima mwenye mvi, alishuka na kutembea kando yake akiwa na gogo begani, tayari kulitupa nyuma ya gurudumu kama Radi itaghairi safari.

Sasa sikieni lililokuwa moyoni mwa shujaa. Kule Ipogolo, chini ya mlima wa kwenda Iringa mjini, aliishi Helena, fundi cherehani, binti wa Mama Marta. Kwa ajili ya Helena, Seni alichana mashati yake mazima, moja baada ya jingine, ili apate sababu ya kuketi kibarazani kwake akingoja yashonwe. Helena alijua mashati hayo yamechanwa kwa mkono, akayashona polepole. Hao wawili walikuwa wamekwisha kuelewana. Ngome iliyobaki ni mama. Mara mbili mshenga alipelekwa, na mara mbili Mama Marta alimnywesha chai, akamsindikiza hadi njiani, akamwambia maneno yaleyale: "Dereva ni mtu wa kupita, baba. Leo yuko Tunduma, kesho Dar es Salaam, keshokutwa hata mwenye gari hajui. Mtu nisiyeweza kumkuta nyumbani, nitampaje mtoto?"

Basi asubuhi hiyo Radi ilikuwa safarini kutoka Mbeya tangu jana yake, imeshiba mchele wa Usangu unaokwenda kwenye ghala la mjini Iringa. Ikafika Ipogolo, ikaiacha barabara kuu, ikavuka daraja, ikauona mlima, ikaguna. Seni akaingiza gia ya kwanza. Jailos akashuka na gogo lake. Na mbele yao, pembeni mwa lami, shingo imenyooka, kapu la nyanya kichwani, alikuwa Mama Marta akielekea sokoni.

Moyo wa Seni ukaruka hadi kwenye usukani. Maana adabu ilimtaka asimame ampakie mama, na mlima ulimkataza. Kila dereva wa nyanda za juu anajua kwamba lori lililojaa likisimama katikati ya mlima ule, halianzi tena kwenda juu. Linaanza kwenda chini. Kumpigia honi mama mkwe nako ni sawa na kumtusi. Radi ilipojikokota hadi kumfikia, akavua kofia, akatoa kichwa dirishani, akamsalimu kwa lugha ya kwao mama, kwa sauti ya kushinda injini:

"Kamwene, mama. Wewe uliyemlea Helena akawa taa ya Ipogolo, mimi Seni, mtoto wako nisiyestahili, nakuomba uheshimu gari hili kwa kulikalia. Kusimama siwezi, mlima umenifunga. Lakini mwendo wangu unauona. Jailos atakupokea kapu, nawe utapanda kama mtu apandaye kitandani kwake."

Mama Marta hakugeuza shingo, kwa sababu ya nyanya. Akageuza macho tu.

"Kamwene, baba. Nimekusikia. Lakini mimi soko langu lina saa. Wanaokuja mapema ndio wanaopata kivuli, na nyanya iliyokaa juani mpaka mchana hainunuliwi, inahurumiwa. Nikipanda humo nitachelewa."

Akakaza hatua. Na mbele ya macho ya Seni, na ya Jailos, na ya mbuzi mmoja aliyekuwa akila majani ukingoni, mama akaipita Radi ya Usangu: akaupita mlango, akaipita taa, akalipita bampa, akaenda zake.

Jailos, aliyekuwa sambamba naye kwa miguu, alijikuta akiongozana naye huku wakizungumza habari za mvua, hadi alipokumbuka kwamba gari lake liko nyuma. Akarudi mbio.

"Anasemaje?" akauliza Seni.

"Anasema mahindi mwaka huu yanaonyesha kustawi. Na anasema hivi: Helena haolewi na mtu anayeshindwa na kapu la nyanya."

"Alisema kwa utani?"

Jailos akatafakari. "Hakucheka."

Hapo ndipo vita vilipotangazwa. Seni akairudisha kofia kichwani, akaikandamiza mpaka masikioni, akainamia usukani kana kwamba uzito wa kifua chake utaisukuma Radi mbele. Ukali wa injini ukapanda. Rejeta ikaanza kunong'ona. Lakini mwendo ulibaki uleule. Mwanamume mmoja akapita akisukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, akawapa pole. Mbuzi naye, alipomaliza majani, akawapita.

Lakini Mama Marta alikuwa na udhaifu mmoja: alikuwa anajulikana. Hakuna mtu aliyeteremka mlima ule asubuhi ile asiyemjua, na kwao hakuna salamu ya kutupa kama ganda. Alipokutana na mke wa mwalimu, ilimbidi asimame, aulize nyumba, aulize watoto kila mmoja kwa hali yake, aulize mahindi, aulize goti la bibi, naye aulizwe vivyo hivyo, na salamu za pande zote mbili zijibiwe. Radi isiyosimama ikasogea, ikasogea, ikamfikia. Seni akavua kofia. Mama akamaliza salamu, akakaza hatua, akapita tena. Alipokutana na mzee wa kanisa, ikawa hivyohivyo. Ndivyo majeshi hayo mawili yalivyoupanda mlima, moja likishindwa na mzigo, jingine likishindwa na adabu, na hakuna aliyejua ushindi utalala kwa nani.

Karibu na kona ya mwisho, Mama Marta akakutana na wifi yake, aliyekuwa akirudi kutoka msibani. Salamu ya mtu atokaye msibani haifupishwi hata kwa amri ya serikali. Mama akalishusha kapu chini.

Jailos akaruka kwenye ngazi ya mlango, macho yakimwaka. "Seni, mwana wa Limbu, mlango umefunguka. Pita kimya. Usimwangalie. Ukimsalimia atakumbuka kwamba upo."

Seni akatazama barabara, imenyooka mbele yake na tupu. Akamfikiria Helena na sindano yake. Alitaka kupita kimya, tusimsingizie utakatifu. Lakini alipofika walipo akaona macho ya yule wifi, mekundu kwa kulia, na mkono ukavua kofia wenyewe.

"Kamwene, mama. Kamwene, shangazi. Poleni sana na msiba. Mungu awape nguvu. Nisameheni sisimami, si kiburi, ni mlima. Je, marehemu alikuwa mgonjwa siku nyingi?"

Na kwa kuwa lori lilikwenda polepole na tela ilikuwa ndefu, wifi alipata nafasi ya kumjibu yote: kwamba alikuwa mgonjwa tangu masika, kwamba amezikwa vizuri, kwamba watu walikuwa wengi, na Seni alijibu kila neno, shingo ikizidi kupinda nyuma dirishani, mpaka mkia wa tela ulipowapita.

"Ni nani huyu mwenye heshima hivi?" wifi akauliza.

Mama Marta akalitwaa kapu. "Ndiye yule," akasema, na safari hii alipoondoka hakutembea. Alikuwa nusu anakimbia.

Enyi wasikilizaji, shikeni vigoda. Kilele kilikuwa mbele, mahali lami inapolala kabla ya nyumba za mjini. Seni akaona kwenye kioo kapu jekundu likija, kubwa, kubwa zaidi. Likafika kwenye gurudumu la nyuma. Likafika mlangoni. Nyanya ya juu kabisa ikawa sawa na taa ya mbele, na taa ikawa sawa na nyanya, wala hakuna aliyeweza kusema nani ni wa kwanza duniani.

Ikabaki njia moja. Gia ya pili.

Anayejua malori ameshatetemeka. Kwani kuingia gia ya pili kabla mlima haujalala ni kukanyaga klachi na kuliacha gari, kwa muda wa kupepesa jicho, bila mwenyewe. Gia ikikataa, Radi inarudi Ipogolo kinyumenyume na mchele wote, na Taherali atahitaji dereva mwingine na daraja jingine. Seni alijua. Akasikiliza injini kama baba yake alivyosikiliza pumzi ya ng'ombe mgonjwa, akangoja sauti ile nyembamba inayosema mlima umeanza kuchoka.

"Jailos," akasema, "kaa na gogo nyuma."

"Nipo nyuma."

Akakanyaga. Radi ikanyamaza. Katika kimya kile zilisikika hatua za Mama Marta juu ya lami, na kuku mjini. Lori likasita, likainama nyuma kidogo, kidogo tu, na Jailos akainua gogo. Mkono wa Seni ukaisukuma gia. Ikagoma. Akaisukuma tena, akiiita kwa jina la Kisukuma ambalo baba yake alimwitia dume lake la kwanza.

Ikaingia.

Radi ya Usangu ikapiga kelele, ikaruka mbele kama iliyoumwa na nyuki, ikaipita nyanya kwa urefu wa bampa, ikakanyaga tambarare.

Seni akasimamisha gari, akashuka. Akasimama kando ya lami, kofia mkononi, kama mshitakiwa. Mama Marta akafika, akalishusha kapu, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Wote wawili wakahema kwa muda.

"Umenipita," akasema mama.

"Nisamehe, mama."

"Unaomba msamaha wa nini? Si ulikuwa unataka?" Akalitazama lori linalofuka mvuke, akamtazama dereva aliyelowa jasho. "Nilidhani kazi yenu ni kukaa tu na kupiga honi. Kumbe mnapanda mlima kwa miguu kama sisi, ila mmeketi." Akaikunja ncha ya khanga. "Na kwa msiba wetu umetupa pole. Wengine wangepita."

"Nilikuwa karibu kupita, mama."

"Najua. Nilikuona." Akainama, akachagua nyanya mbili nzuri, akampa moja yeye na moja Jailos. "Jumapili mlete yule mshenga wenu. Nitapika kuku."

Jailos akapiga saluti kwa nyanya. "Tutakuja na Radi yenyewe, mama, tumeisafisha inang'aa."

"Hapana," akasema Mama Marta, akijitwika kapu. "Mje kwa miguu. Nataka mle chakula kikiwa cha moto."

Basi wenye kuandika mambo makuu ya nyanda za juu, wakishamaliza vita vya watemi na ujenzi wa reli, na waache nafasi ya mstari mmoja: kwamba asubuhi ile, juu ya Ipogolo, lori moja lililojaa mchele lilimpita mama mmoja aliyebeba nyanya, kwa urefu wa bampa, na Iringa nzima ikaendelea na shughuli zake bila kujua ukubwa wa lililotendeka.