Kuhusu Daraja Lenye Paa Linaloninyang'anya Mama

Mayfair, Johannesburg
6 Agosti 2018

Kwa Mheshimiwa Meya wa mji wa Larkham, Marekani

Mheshimiwa,

Hunijui nami sikujui, lakini mji wako umeingia nyumbani kwetu bila kupiga hodi, kwa hiyo nimeona nina haki ya kukuandikia. Natumia Kiswahili kwa sababu malalamiko yakiandikwa kwa Kiingereza changu hugeuka kuwa ombi la kazi. Mfasiri atafutwe, ila asiwe mdogo wangu Léocadie, maana yeye ni mlalamikiwa wa pili.

Mimi ni Gaston, fundi cherehani. Mama yetu, mjane wa miaka sabini na moja, yuko Uvira, Kongo. Mwezi huu lazima aamue azeekee wapi: kwangu hapa, au kwa Léocadie huko kwako. Makaratasi yako tayari pande zote mbili, limebaki neno lake tu. Nilikuwa naongoza. Mimi ni kifungua mimba, na chumba chake nimeshakipaka rangi. Ndipo Léocadie akaanza kumtumia picha kila Jumapili, amesimama mbele ya vivutio vyenu vya kihistoria, naye Mama hunirushia kila moja. Tangu hapo narudi nyuma kila wiki, kwa sababu zifuatazo:

1. Jela yenu ya mwaka 1891. Mama ametangaza kanisani kwamba binti yake aliingia jela ya Marekani akatoka siku hiyo hiyo, ameshika aiskrimu. Wanakwaya walipiga vigelegele. Mimi nimekaa nchi hii miaka kumi na moja bila kufungwa hata mara moja, na hakuna aliyenipigia makofi.

2. Daraja lenye paa. Mto wenyewe mbuzi anauruka. Mama aliniuliza kama Johannesburg nako madaraja yana paa. Ilinibidi nimweleze kwamba hapa ni wasio na paa ndio hukaa chini ya daraja.

3. Nyumba ambamo rais wenu wa zamani alilala mara moja tu kwa sababu ya mvua. Kitanda kimezungushiwa kamba nyekundu. Changu hakijawahi kuzungushiwa chochote.

4. Jiwe lenye kibao cha shaba, kinachosema hapo palikuwa na kinu cha kusagia nafaka kikaungua. Yaani mnatembeza wageni kwenye kitu ambacho hakipo! Kwa utaratibu huo, kwetu Uvira tungemaliza shaba yote ya Katanga.

Mimi sikukunja mikono. Nilikwenda Marshalltown, hapa hapa katikati ya Johannesburg, kupiga picha mbele ya jengo kongwe, rafiki yangu Octave akaishika simu kwa mikono miwili, kwa usalama. Katika picha walitokea muuza soksi, mama mmoja anayekula magwinya, yaani maandazi ya huku, na dereva wa teksi anayenifokea nitoke barabarani. Jengo halikuonekana.

Kwa hiyo naomba vivutio vyote vifunikwe turubai hadi mwisho wa mwezi. Ikishindikana, basi tuazimeni daraja, tutalirudisha likiwa safi. Na kama hilo nalo ni gumu, ofisi yako itoe tangazo rasmi kwamba rais hakulala, alijinyoosha tu.

Nisalimie mkeo, madiwani, mlinzi wa jela, na yeyote anayefuta vumbi kile kitanda.

Wako katika kumtetea mama yangu,
Gaston

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Mama amepiga simu. Anakwenda kwa Léocadie. Nilimuuliza ni daraja au ni rais. Akasema majengo hajawahi kuyatazama, yeye hutazama nani amesimama na mwanawe, na katika picha zote ishirini na mbili hakuna mtu. Hata simu yenyewe Léocadie anaiegemeza kwenye jiwe. Wewe una watu, akaniambia. Nimelia, Mheshimiwa, kwa kumkosa Mama, na kwa sababu picha hizo nilizitazama zote nisione. Malalamiko yangu nayafuta, usifunike kitu. Mama atafika baada ya miezi mitatu. Mpaka hapo, kila Jumapili baada ya ibada, tafadhali mtume mtu mmoja darajani akasimame na Léocadie. Si lazima atabasamu.