Funda la Kwanza

Jumatatu, 4 Machi 1957

Nimepata wazo! Mwanasiti amesema kila nikitamka hivyo yeye huenda kuficha pesa za sokoni. Mke wangu huyu hana imani kabisa.

Wazo lenyewe ni hili. Kule Raskazone, katika nyumba moja ya Wajerumani wa zamani, imefunguliwa maabara. Mwenyewe ni Bibi Daktari Bertha, Mzungu mrefu, anayetafiti ugonjwa wa ini. Anataka kujua kwa nini watu wa huku wanavimba matumbo na kugeuka macho manjano, hata wale wasiogusa tembo la mnazi. Anakusanya vitu wanavyokula na kunywa watu, anawapa panya, kisha anayatazama maini ya panya kwa darubini.

Nami nauza nini? Dawa ya ini! Shifaa Kuu. Majani ya marejea, tangawizi, asali kidogo mno. Marejea nayachuma bure mashambani, njia ya Amani, yamepandwa kurutubisha ardhi. Yakiweza ardhi yatashindwa na binadamu?

Basi nitampelekea. Panya watanenepa. Bibi Daktari ataniandikia cheti. Kila chupa itabandikwa karatasi: Imepimwa Raskazone. Wauza dawa wa Ngamiani watajijua.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda. Na mlangoni nakutana na nani? Luka! Luka wa Muheza, niliyesoma naye, aliyekuwa akiniinulia mabega kwa sababu anajua hesabu za sehemu. Sasa kavaa koti jeupe. Akaniuliza shida yangu kana kwamba hajawahi kuniona. Kazi yake kulisha panya. Nikampongeza kwa kupata familia kubwa. Hakucheka.

Bibi Daktari, mtu wa heshima. Kiswahili chake cha kitabuni lakini anasikia. Akauliza nani wanakunywa dawa hii. Nikamwambia nusu ya mtaa wetu wa Usagara, na kuliko wote baba mkwe wangu, Mzee Uweso, asubuhi na jioni, bila kukosa. Akauliza, na wewe je? Nikajibu kila siku, tena mbele ya watu, miaka miwili sasa. Akatoa damu yangu kwa sindano. Kidogo nianguke. Luka alifurahi.

Sikusema uongo. Desturi yetu iko wazi: anayekupa cha kunywa atangulie yeye kuonja, aondoe uchawi, ndipo moyo wako utulie. Mwuza dawa asiyeonja atauza kwa majini. Basi kila nyumba napiga funda la kwanza, mteja ananitazama, anapokea, anakunywa.

Kuhusu kumeza hakuniuliza. Ile dawa chungu, jamani! Mimi huliweka funda shavuni, naaga kwa mkono, napinda kona, natema kwenye leso. Mwanasiti hunung'unika akizifua. Nimemwambia ni majani ya tambuu.

Jumamosi, 9 Machi

Mzee Uweso hajambo sana. Tumbo limejaa, miguu imevimba, macho yameanza rangi ya bizari. Nimemwambia dawa inatoa uchafu, na uchafu ukitoka lazima uonekane. Akasema kama ndivyo basi aongeze. Nimempelekea chupa nyingine, nikatangulia funda kubwa kwa heshima yake.

Huyu mzee nampenda. Nilipoposa, ndugu zake wote walisema Mselem ni maneno matupu, binti atakula upepo. Yeye peke yake alisema niacheni, kijana atatulia. Ni miaka saba, bado anangoja, wala hajanisimanga hata siku moja.

Ijumaa, 15 Machi

Panya wamekufa. Wote waliopewa Shifaa Kuu! Luka alinifuata hadi nje ya msikiti kuniambia, na koti lake. Nikamwuliza kama aliwapa chakula au alikula yeye.

Kule maabara Bibi Daktari aliniketisha mbele ya darubini. Akanionyesha kwanza ini zima la panya: vijumba vidogo vidogo vimepangana, kila kimoja na mahali pake. Kisha ini la panya wangu. Kuta zimebomoka. Mtaa mzima umehamwa.

Akanieleza taratibu. Anadhani ndani ya jani kuna kitu kidogo hata darubini haikioni. Kikiingia tumboni hakina neno. Ni ini lenyewe, likijitahidi kukisafisha, ndilo linalokigeuza sumu. Namna linavyokigeuza ndiyo anayoitafuta, na imemkosesha usingizi. Nikauliza kwa nini ini lijiue kwa kufanya kazi yake. Akasema maneno ambayo mpaka sasa yananizunguka kichwani:

“Kila unachokula, ini ndilo linaloonja kwanza kwa ajili ya mwili mzima. Nalo halina pa kutema.”

Nikajikuta nimeshika shavu.

Ila kuna jambo moja, akasema, linamtatiza. Mimi. Damu yangu safi kabisa. Ikiwa mtu amekunywa miaka miwili na ini lake zima, huenda la panya si la binadamu, na atakuwa amewatia watu hofu bure. Hawezi kuwakataza mpaka awe na hakika. Akaniuliza tena, kwa upole: nakunywa kweli, kila siku? Luka aliacha kuosha vichupa akanitazama.

Nikasema kila siku.

Nimeshinda! Dawa imeponea tundu la sindano, na ni kwa afya yangu mwenyewe. Nilipofika nyumbani Mwanasiti kapika samaki wa nazi, chakula changu hasa. Sijui kwa nini hakikupita.

Jumatatu, 18 Machi

Mzee amelazwa. Tulimpeleka kwa rukwama ya jirani, yeye anaomba radhi njia nzima kwa kutusumbua.  Mwanasiti aliniuliza swali moja tu, baba akifa nitafanyaje, kisha akaenda kuchota maji bila kungoja jibu.

Nimekaa barazani, nimewaza. Nikienda kwa Bibi Daktari kusema kweli, nitaaibika mbele ya Luka. Nikinyamaza, mzee anaendelea kunywa. Lazima ipo njia ya tatu. Daima ipo.

Imepatikana! Nimejaza chupa maji ya tangawizi na asali, nikakamulia mchicha yapate rangi. Mzee atakunywa hiyo akidhani ni Shifaa Kuu. Ataacha dawa bila kujua ameiacha. Atapona, na atanishukuru mimi. Wakati mwingine akili yangu inanitisha.

Jumanne, 19 Machi

Balaa. Mzee ameonja, akasema hii tamu. Dawa gani tamu? Akadhani wauguzi wamemwibia yake wakamtilia maji. Kamwagiza Mwanasiti akalete ile chungu ya kweli, iliyo mvunguni mwa kitanda chake. Nilijitolea niende mimi. Mzee akasema la, nipumzike, nimechoka kwa kumhangaikia.

Jumatano, 20 Machi



Saa ya kutazama wagonjwa nikamkuta Mwanasiti ameshafika na chupa ya kweli. Bibi Daktari na Luka nao wapo kitanda cha pili, wanatoa damu. Nilimwamkia mzee, shikamoo Baba, akaitikia kwa shida. Amekonda uso, tumbo tu ndilo lililobaki kwake. Akaomba kikombe. Akanipa mimi nitangulie, kama siku zote.

Nikapiga funda. Nikaliweka shavuni. Nikainua mkono niage.

Mzee kikombe kakipokea lakini hanywi. Kapata hamu ya kuzungumza! Akaniuliza mjukuu wake Sabiha hajambo? Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza anakula? Kichwa. Akauliza anakula nini? Sasa hapo kichwa kitajibu nini! Na mkwe kuulizwa na baba mkwe, tena mgonjwa, akakaa kimya kama gogo, ni utovu wa adabu ambao hata mimi sijawahi kuufikia. Mwanasiti akanikazia macho. Mgonjwa wa jirani akageuka. Luka kasimama na sindano yake.

Kutema mbele ya baba mkwe haiwezekani. Nikaamua kumeza. Wallahi niliamua. Funda halikushuka. Niliviona vile vijumba vimebomoka, mtaa mzima umehamwa, na nikajua kwamba dawa yangu naiogopa kuliko nyoka. Siku zote nilisema ni uchungu tu. Mzee akauliza mara ya tatu, Sabiha anakula nini, mwanangu?

Ikatokea puani. Kisha mdomoni. Kanzu nyeupe yote mistari ya kijani.

Mzee aliitazama kanzu yangu. Akaitazama leso niliyoitoa, ina madoa ya jana na juzi. Akakiweka kikombe chini, polepole, asikimwage.

“Kumbe hukuwahi kumeza,” akasema.

Hakufoka. Laiti angefoka! Nimesutwa na watu wengi maishani mwangu, lakini neno lile lilinikata maini. Bibi Daktari alikichukua kikombe mwenyewe akatoka nacho. Mwanasiti akajitanda kanga uso mzima. Luka hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumapili, 24 Machi

Mzee anarudi nyumbani kesho. Bibi Daktari anasema sehemu ya ini imegeuka kovu na haitarudi, lakini iliyobaki, ikitunzwa, yaweza kumbeba. Asilitwishe tena kitu kibaya. Hilo alilikariri.

Shifaa Kuu imepigwa marufuku. Jana nilizungushwa nyumba kwa nyumba na Luka, tunakusanya chupa. Wengine walinitukana, nikashukuru. Bi Mwatumu, mteja wangu wa siku nyingi, alifungua mlango, macho manjano, akasikiliza yote. Akaingia ndani, akarudi na chupa yangu, tupu. Ameiosha. Akasema si vizuri kurudisha chombo cha mtu kichafu.

Nililia njiani, mtu mzima mimi. Luka akanipa leso yake. Safi, imepigwa pasi. Tukakaa ukingoni mwa barabara, kwa mara ya kwanza tukazungumza kama watu waliosoma pamoja. Aliniambia sasa Bibi Daktari anataka kuchunguza karanga zilizoota ukungu. Wale panya waliokula hizo nao wamezubaa pembeni, hawatazamiki. Nikamwambia anisamehe, habari za panya sizitaki tena.

Nimeapa mbele ya Mwanasiti, mkono juu ya msahafu: sitauza dawa mpaka naingia kaburini. Akaniambia, haya, Baba Sabiha, tutaona. Lakini alinipakulia.

Jumamosi, 30 Machi

Mfungo unaingia keshokutwa, mwezi ukiandama. Na mimi nimepata wazo!

Nimeapa juu ya dawa. Uji je? Uji si dawa! Kuna magunia ya karanga ghalani karibu na stesheni, mvua iliyachapa wiki iliyopita, mwenyewe anataka tu yaondoke. Nimeyapata kwa bei ya kuokota. Karanga zimeota ukijani kidogo juu. Nimezianika, nimezipangusa, nimezisaga. Unga wa uji wa futari: Shibe Kuu. Mwanasiti akanikumbusha maneno ya Luka. Nikamwambia panya hula mbichi, sisi tunachemsha. Akaniita jina langu, la kwangu na la baba yangu, akaingia ndani.

Asinione mjinga. Nimejifunza sana mwezi huu. Nimekaa nimejichunguza, nimelijua kosa langu hasa. Kosa langu lilikuwa kutema.

Leo nimepika sufuria nzima barazani. Nikanywa kikombe mbele ya majirani, cha pili nikakimaliza, nikafungua kinywa wakaona hamna kitu. Na mtamu! Hata leso sikubeba.

Mzee Uweso, anayeuguzwa kwetu sasa, alikuwa ameegemea mto wake mlangoni, anatazama. Akaniita karibu. Akauliza safari hii nimemeza kweli? Nikamwambia kila tone, Baba, Mungu shahidi. Akanitazama kooni kwa muda, uso ukamlainika.

Akaomba nimjazie na yeye kikombe.