Ufunguo wa Kabati na Chupa ya Zambarau

Jumatatu, 3 Machi
Dada, salamu nyingi. Hujambo? Magoti yamepoa? Mimi sijambo, ila nimenyimwa sukari. Naanza daftari la mwezi huu. Tutabadilishana kama kawaida, na wifi yako asilione!

Ni hivi. Juzi wifi yako alitia kufuli kabati la sukari. Ufunguo kauvaa shingoni kama mkufu. Kasema kipimo cha damu kikitoka kizuri atanirudishia. Kipimo ni Ijumaa. Siku nne! Mtihani gani huo wa kumshinda fundi saa wa miaka ishirini?

Jumanne, 4 Machi
Nimetangaza nyumbani kwamba nafunga siku tatu kwa ajili ya ibada. Wifi yako machozi yakamlengalenga. Akasema kumbe mumewe bado ana hofu ya Mungu. Nikainamisha kichwa. Nia nimeigawa: nusu ya Mungu, nusu ya maabara. Mungu si mchoyo.

Siri nilimnong'oneza fundi redio, jirani yangu wa kibandani. Naye ana ugonjwa wa sukari kama mimi. Anatembea kila alfajiri, mwaka wa pili sasa. Akanicheka, eti damu haina mshale wa kurudisha nyuma. Wivu! Mwenzake napata kwa siku tatu anachokitolea jasho mwaka mzima.

Alhamisi, 6 Machi
Njaa. Nilifungua saa ya mteja, gurudumu nikaliona biskuti. Jioni, kwa sifa ya mfungo wangu, nikaombwa niongoze sala. Nikaongoza. Tumbo likaitikia Amina kabla ya waumini.

Ijumaa, 7 Machi
Maabara. Binti mpimaji kanifunga mpira mkononi, kavuta damu chupa mbili. Moja kifuniko cha kijivu, nyingine zambarau. Nikauliza ya pili ya nini. Akasema ya kijivu inaonyesha sukari ya asubuhi hii, ya zambarau inaonyesha ya miezi mitatu. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimekuja kupimwa leo, ya nyuma tumwachie Mungu. Akacheka tu, akaandika jina langu kwenye zote mbili.

Ya kijivu ikatoka mchana. Safi kabisa! Wifi yako akauvua ufunguo. Daktari akamwambia asubiri majibu ya zambarau, Jumatatu. Akauvaa tena. Ulishanigusa kiganja, Dada!

Jumatatu, 10 Machi
Zambarau imesema yote. Asilimia tisa na nusu, na inatakiwa chini ya saba! Daktari alieleza kwamba sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi miezi mitatu au zaidi kidogo. Ufunge siku tatu, iliyonata imenata. Akasema nikiendelea hivi, macho, figo na miguu vitanidai.

Wifi yako hakufoka. Njiani akauliza tu, ule mfungo ulikuwa wa nani? Akasema hataki kuwa mjane kwa ajili ya vijiko viwili vya sukari. Hapo moyo uliniuma kweli. Nikaahidi kubadilika, na nilimaanisha, mpaka tulipofika nyumbani nikaona kufuli zimekuwa mbili.

Fundi redio kapata sita na nusu. Karatasi yake kaibandika kibandani kama leseni. Mtu mzima!

Lakini sikutoka maabara mikono mitupu. Nilimuuliza yule binti, kwa upole, ni mwezi upi wenye uzito zaidi katika ile mitatu. Akasema wa mwisho. Mungu ambariki! Kipimo kijacho ni tarehe kumi Juni. Basi miezi miwili ya mwanzo ni yangu, wa tatu nafunga. Safari hii Mungu nitamwongezea, theluthi mbili nzima.

Ndiyo maana daftari nalituma mapema. Nitumie chupa ya asali, ubandike juu karatasi iliyoandikwa "dawa ya magoti". Wifi yako akiuliza, nitasema magoti ni ya ukoo.

Nijibu upesi, Dada. Siku zangu nzuri zimeshaanza kuhesabiwa.