Digrii Kumi na Tatu Tu

Jumatatu, 3 Machi
Dharau! Maabara ya ngozi hapa hospitalini inatafuta mhandisi mkuu. Nani anafufua mashine zote za oksijeni hapa? Mimi, niliyejifunza kwa mikono. Shemeji, mdogo wa mke wangu, anayeotesha ngozi ya wagonjwa humo ndani, kasema nisijisumbue. Eti mimi ni wa uhandisi wa tiba, natunza vyombo vinavyomhudumia mgonjwa. Wao ni wa uhandisi wa viumbe, kitu wanachounda chenyewe ni hai. Koti jeupe limemlevya! Skrubu ni skrubu.

Jumatano, 5 Machi
Usaili. Wakauliza: chombo kikileta hitilafu, unaanza na nini? Nachomoa waya, nikasema, bila kupepesa. Wakatazamana. Shemeji, naye yumo kwenye jopo, akainama. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe aliungua mguu, kidonda hakifungi. Daktari kasema ngozi anayooteshewa na shemeji ikiwa tayari Jumatatu, mguu umepona. Ikikosekana, wanakata. Mke wangu analia. Nikamtuliza: familia ina wahandisi wawili. Akasema anamjua mmoja.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepata mpango! Feni ya sanduku la joto, shemeji anamooteshea ngozi, inakwaruza. Nikiitengeneza wakiwa mapumzikoni, Jumatatu watanibeba juu juu. Funguo ninazo. Nikachomoa waya, nikatia mafuta, nikapangusa kila kitu kwa spiriti. Visahani vya ngozi nikavipanga mezani, nikavifunua vipate hewa. Vikakaa hapo mchana kutwa. Sandukuni digrii thelathini na saba, chumbani ishirini na nne. Tofauti kumi na tatu tu! Mashine gani hufa kwa hilo? Jioni nikavirudisha. Feni sasa huisikii kabisa.

Jumatatu, 10 Machi
Ngozi imekufa yote. Shemeji hakufoka. Alisema tu kwamba seli hazina swichi ya kuziwasha tena.

Jumanne, 11 Machi
Wamekata. Juu ya goti. Mama mkwe alipozinduka akauliza kama yule fundi yumo humu wodini. Akaomba nitolewe kwanza, nisije nikamchomoa na yeye.

Ijumaa, 14 Machi
Nimefukuzwa. Mke wangu kahamia kwa mdogo wake. Na feni? Hakuna hata mmoja aliyeitaja!
Lakini nimewaza: mguu wa bandia. Bomba, bawaba, skrubu. Hakuna kilicho hai hapo, fani yangu kabisa. Bomba nimeshalikata, urefu nimekadiria kwa macho.
Jioni nilipita maabara kurudisha funguo. Hapakuwa na mtu. Friji yao ya sampuli inanguruma vibaya sana.
Nimeichomoa. Wataniita tu.